Sinki la Vyombo, Tone la Mafuta na Kioo cha Simu Yako

Unakumbuka fizikia ya kidato cha pili? Ile mada ya vipimo, baada ya vernia na maikromita, palikuwa na jaribio la tone la mafuta. Unajaza trei maji, unanyunyiza unga wa likopodia juu, unadondosha tone moja dogo la mafuta, unga unasukumwa kando na linabaki duara safi. Ukijua ujazo wa tone na upana wa duara, unagawanya na kupata ukubwa wa molekuli moja. Shuleni kwetu huo unga haukuwahi kufika. Mwalimu alichora duara kwa chaki, akatupa jibu, tukakariri. Mtihani ukaja, ukaenda.

Juzi nilikuwa kejani naosha vyombo. Ukiacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, ukarudi kwa mathe, vyombo huwa vyako, usiulize. Sufuria ya kitoweo ilikuwa imeloweka, juu ya maji kumetanda mafuta. Nikatia tone moja la sabuni ya maji. Mafuta yakakimbia pembeni kama watu wa mjini wakisikia kanjo wamefika. Nikajiambia, aki leo hili jaribio nalifanya.

Nikachukua beseni, nikaliosha vizuri na sabuni, nikalisuuza, nikajaza maji. Badala ya likopodia nikatumia poda ya mtoto. Waya mwembamba nikauchovya kwenye mafuta ya kupikia hadi ukashika tone la kama nusu milimita. Nikagusisha majini.

Hakuna kilichotokea. Tone lilikaa pale pale kama jicho la samaki. Nikamwaga, nikaosha tena, safari hii na sabuni zaidi. Likakaa vile vile. Mara ya tatu nikaanza kushuku kwamba mwalimu alitudanganya.

Kumbe shida ilikuwa usafi wenyewe. Chembe za sabuni zilizobaki kwenye beseni, na mafuta ya vidole vyangu, zilikuwa tayari zimetanda juu ya maji, utando ambao macho hayauoni. Mafuta yangu yalifika yakakuta kiti kimekaliwa. Na hili, msomaji, ndilo jambo ambalo msichana mmoja wa Ujerumani aliligundua akiwa jikoni kwao, miaka zaidi ya 140 iliyopita, bila cheti chochote cha chuo.

Anaitwa Agnes Pockels. Alizaliwa Venice mwaka wa 1862, wakati mji huo ulikuwa chini ya Austria. Babake alikuwa ofisa wa jeshi la Austria, na malaria ndiyo iliyomtoa kazini mapema. Familia ikahamia Braunschweig, Ujerumani, mwaka wa 1871. Agnes alisoma shule ya wasichana ya mji huo, akaipenda fizikia kupita kiasi, halafu njia ikaishia hapo. Vyuo vikuu havikuwa vikipokea wanawake. Kakake mdogo, Friedrich, akaenda kusoma fizikia Göttingen. Agnes akabaki nyumbani kupika, kuosha vyombo na kuuguza wazazi.

Mimi niliacha chuo nikiwa nimeshaingia, angalau nilionja. Yeye mlango haukufunguliwa hata kidogo. Friedrich alikuwa akimletea vitabu, na hizo ndizo zilikuwa lekcha zake.

Akiwa na miaka kama 20 hivi, Agnes alitengeneza kifaa chake. Chombo cha bati, kirefu sentimita 70, upana sentimita 5, kina sentimita 2. Alikijaza maji mpaka ukingoni kabisa, halafu akalaza kipande chembamba cha bati juu, kukatiza upana, kikigusa uso wa maji. Hapo uso wa maji unagawanyika pande mbili. Ukisukuma kile kipande upande mmoja, eneo la upande huo linapungua na chochote kilichotanda juu kinabanwa. Ukikirudisha, kinapata nafasi.

Lakini atajuaje kinachotokea? Alichukua mizani ndogo ya dawa, akaning'iniza kitu kama kifungo cha shati, upana wake milimita 6, kikagusa maji. Kisha akapima ni uzito gani unaotakiwa ili kifungo kibanduke. Maji masafi hushikilia kwa nguvu, maji yenye utando huachilia mapema. Kwa hivyo kifungo kilimwambia hali ya kitu ambacho jicho haliwezi kukiona.

Alipoendelea kubana, aliona jambo la ajabu. Mwanzoni utando ukiwa na nafasi, kifungo kilishikwa kama juu ya maji masafi. Eneo likifika kiwango fulani, ghafla nguvu ikaanza kushuka. Ni kama matatu: ikiwa na abiria watano hakuna anayemgusa mwenzake, lakini kuna yule abiria mmoja ambaye akishaingia, kila mtu anaanza kusukumana. Kile kiwango ndicho molekuli zimejaa bega kwa bega, safu moja tu.

Ugunduzi wake mwingine ndio ulioniokoa mimi. Kile kipande cha bati kinaweza kufagia. Ukikiburuta kutoka mwanzo hadi mwisho wa chombo, kinaondoa uchafu wote uliotanda na kuacha nyuma uso safi wa maji. Kabla yake, wakubwa wa sayansi walikuwa wanapata majibu yanayotofautiana kila siku, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika kama maji yake ni masafi.

Alifanya kazi hii karibu miaka kumi bila kuchapisha. Angechapisha wapi? Nani angemsikiza dada wa nyumbani? Halafu akasoma kwamba mwanafizikia maarufu wa Uingereza, Lord Rayleigh, ameanza kuchunguza mambo yale yale. Januari 10, 1891, akiwa na miaka 28, akamwandikia barua kwa Kijerumani. Akaeleza vipimo vyake na kwamba hali yake haimruhusu kuchapisha kwenye majarida ya sayansi.

Hapa ndipo kuna kitu ninachompa Rayleigh heshima zote. Angeweza kuchukua zile data, akaandika kwa jina lake, na hakuna ambaye angejua. Unajua watu wa aina hiyo, wako kila ofisi. Yeye alimpa mkewe barua atafsiri, akaituma kwa jarida la Nature akiomba ichapishwe kwa jina la mwandishi. Ikatoka Machi 12, 1891. Na Rayleigh hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka wa 1904 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Lakini barua kuchapishwa hakukumtoa Agnes jikoni. Aliendelea kuchapisha hapa na pale, wazazi wakizidi kudhoofika. Chuo cha ufundi cha Braunschweig, mjini kwao, kilimpa udaktari wa heshima mwaka wa 1932. Alikuwa na miaka 70. Alifariki 1935.

Mwaka huo huo wa 1932, Mmarekani Irving Langmuir alipata Nobel ya kemia kwa kazi ya nyuso. Alikuwa mtafiti wa kampuni ya General Electric mjini Schenectady, jimbo la New York, na chombo alichokitumia kilikuwa kile kile cha Agnes, kilichoboreshwa. Langmuir alionyesha kwamba molekuli za mafuta kwenye safu hiyo husimama wima. Kichwa kinachopenda maji kinazama, mkia unaoyachukia unaangalia juu, kama watu waliojaa bwawa la kuogelea la kina kifupi. Ndiyo maana asidi za mafuta zenye mikia mirefu na zenye mikia mifupi huchukua karibu nafasi sawa kwa kila molekuli: anayesimama, urefu wake hauongezi ukubwa wa nyayo.

Sawa, utando uko majini. Utauhamisha vipi uende kwenye kioo, safu kwa safu, bila kuuvuruga?

Hiyo kazi ilimwangukia Katharine Blodgett. Alianza kazi kwenye maabara ya General Electric mwaka wa 1918, mwanamke wa kwanza kuajiriwa huko kama mwanasayansi, na 1926 akawa mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa fizikia Cambridge. Mbinu yake ukiielezwa unaona kama mchezo. Unatandaza asidi ya mafuta juu ya maji, ile ya steariki, inayopatikana kwenye mafuta ya ng'ombe na kutengenezewa mishumaa. Unachovya kioo polepole, unakitoa polepole. Kila kikipita, safu moja ya molekuli inanasa juu yake. Chovya tena, safu nyingine.

Ila ujanja wote uko kwenye udhibiti. Utando ukilegea, safu inatoka na mashimo. Ukibanwa kupita kiasi, unajikunja. Blodgett aliweka uzi wa hariri uliopakwa nta juu ya maji kama mpaka. Upande mmoja utando wake, upande wa pili mafuta ya aina nyingine yanayousukuma kwa nguvu isiyobadilika. Kioo kikichukua molekuli, uzi unasogea wenyewe kujaza pengo. Na maji yenyewe yalihitaji kupimwa asidi na kutiwa chumvi za bariamu, la sivyo safu hazishiki.

Sasa utahesabuje safu ambazo kila moja ina unene wa nanomita 2 na nukta kidogo? Nikukumbushe, milimita moja ina nanomita milioni moja. Hapa ndipo Blodgett alinifurahisha. Mvua ikinyesha, simama karibu na gereji yoyote ya mtaani. Unaona pale lami ina maji na petroli au oili imemwagika, rangi za upinde wa mvua? Zile rangi hazimo kwenye oili. Nuru inayorudi kutoka juu ya utando na ile inayorudi kutoka chini yake zinagongana, nyingine zinafutana, nyingine zinaongezana nguvu, na rangi unayoiona inategemea unene wa utando mahali hapo. Yaani lami imejipima yenyewe, wewe unapita tu ukijali viatu.

Blodgett alitengeneza kioo chenye ngazi za safu, kila ngazi na idadi ya safu anayoijua, kila ngazi na rangi yake. Ukiwa na utando usioujua unene, unaulinganisha na ngazi hizo. Rula ya rangi, tuseme.

Na mwaka wa 1938 akafika kwenye safu 44. Kwa unene huo, ambao ni robo ya urefu wa wimbi la nuru, miale inayorudi ilikuwa inafutana yenyewe kwa yenyewe. Kioo kikaacha kung'aa, nuru karibu yote ikapita, na magazeti yakakiita kioo kisichoonekana. Kilikuwa na udhaifu mmoja: ukikifuta kwa kidole, utando unatoka. Ikabidi wengine watafute njia ya kupaka vitu vigumu zaidi. Lakini miwani yako ya kompyuta, ile yenye mng'ao wa zambarau au kijani ukiigeuza, inatumia hesabu hiyo hiyo ya miale kufutana.

Nikuambie kilichonifanya nianze kuyasoma haya yote. Simu yangu ilianguka kwenye ngazi za ploti. Doa jeusi likatokea pembeni, siku ya pili likawa limeenea kama wino uliomwagika. Fundi mmoja wa mjini, simtaji, akaniwekea skrini nyingine akaapa ni orijino. Usiku nikafungua picha ya giza. Nyeusi haikuwa nyeusi, ilikuwa kijivu. Nilikuwa nimeuziwa kopi ya LCD kwa bei ya OLED.

Tofauti ni hii. LCD ina taa nyuma inayowaka muda wote, na nyeusi ni kujaribu kuiziba ile taa. OLED haina taa ya nyuma. Utando wa molekuli za kaboni unawaka wenyewe ukipitishiwa umeme, na mahali pa nyeusi unazimwa tu. Kifaa kilichofungua njia kilitoka kwa Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, Rochester, mwaka wa 1987. Matabaka mawili tu ya molekuli, moja nanomita 75, la pili nanomita 60, na yaliwaka vizuri chini ya volti 10. Kabla ya hapo watu walikuwa wakitumia fuwele nene zilizodai umeme mwingi mno. Unywele wako una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hivyo piga picha.

Hapo hawachovyi tena. Unga wa molekuli unawekwa ndani ya chungu kidogo kwenye tangi lililotolewa hewa yote. Unapashwa moto hadi ugeuke mvuke, na mvuke unapanda na kutua kwenye kioo kilichoning'inizwa juu, taratibu, labda sehemu moja ya kumi ya nanomita kwa sekunde. Moto ukizidi, molekuli zinaharibika au zinatua ovyo. Moto ukipungua, kazi inasimama.

Anayechunga ni kipande cha fuwele ya kwatsi, jamaa wa ile iliyo ndani ya saa ya mkono. Ukiipa umeme inatetemeka, kama mara milioni 5 au 6 kwa sekunde, kwa uthabiti wa kuaminika. Inawekwa karibu na kioo ndani ya tangi, hivyo mvuke unaitua nayo pia. Ikibeba mzigo, mitetemo inapungua. Mjerumani Günter Sauerbrey alionyesha mwaka wa 1959 kwamba kupungua huko kunalingana na uzito ulioongezeka, mradi utando uwe mwembamba. Kwa hivyo mashine inahesabu mitetemo, inajua uzito, inajua unene, na inapandisha au kushusha moto papo hapo. Hebu rudi kwa Agnes na kifungo chake kwenye mizani. Swali ni lile lile, wamebadilisha mizani tu.

Na lile doa jeusi lililoenea? Molekuli hizo hazivumilii unyevu wala oksijeni, ndiyo maana skrini inafungwa kabisa kiwandani. Ufa ukitokea, hewa inaingia na utando unaanza kufa kuanzia pale. Hakuna sabuni, mchele wala dawa ya meno itakayouponya, hata YouTube ikuambie nini. Kabla hujalipia skrini ya kubadilisha, mwambie fundi aiwashe, fungua picha nyeusi tupu, ziba mwanga kwa mikono, angalia. Ukiona kijivu, hiyo ni LCD, mlipe bei ya LCD.

Usidhani mambo haya ni ya maabara za mbali pekee. Kule Ahero, Kaunti ya Kisumu, watafiti wamejaribu utando mwembamba wa silikoni kwenye mashamba ya mpunga. Viluwiluwi vya mbu hupumua kwa kuja juu na kujishikiza kwenye ile ngozi ya maji. Ukiilegeza, hawashikiki, na hata mbu mpya anashindwa kutoka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2011 yalionyesha mbu waliofaulu kutoka walipungua sana, na mpunga haukudhurika. Tatizo ni kwamba ukiacha kupaka, mbu wanarudi. Ila mimi nilipoisoma nilimfikiria yule baba wa Agnes, aliyetolewa jeshini na malaria.

Basi, beseni langu. Mara ya nne sikutumia sabuni. Nilisuuza kwa maji ya moto tupu, nikajaza hadi ukingoni, kisha nikakata kipande cha plastiki kutoka chupa ya maji na kuburuta juu ya uso, upande hadi upande, mara tatu, nikipangusa kipande kila mara. Nikanyunyiza poda kidogo sana, ukizidisha inagandamana. Nikagusisha waya.

Poda ilifunguka kama pazia. Nilishtuka hadi nikamwaga maji. Nilirudia mara tano na duara lilikuja na upana wa karibu sentimita 20. Tone la nusu milimita lina ujazo wa milimita mchemraba 0.065 hivi. Duara la sentimita 20 lina eneo la milimita mraba 31,400. Gawanya: nanomita 2 na kitu kidogo. Jibu la ubaoni la kidato cha pili, kwa beseni la mathe.

Ukijaribu, kuwa makini na kipimo cha tone kuliko duara. Tone likiwa milimita 0.6 na wewe ukaandika 0.5, ujazo halisi unazidi wako kwa zaidi ya nusu, na jibu sahihi lingekuwa karibu nanomita 3.6. Jicho pekee halitoshi. Mimi nilipiga picha ya tone likiwa kando ya rula, kisha nikaivuta kwa vidole kwenye simu mpaka nikaona mistari vizuri. Kwenye ile skrini ya kopi, ndiyo. Kwa mistari ya rula inatosha.